Uliza Wakili: Eti serikali haizuiliki mahkamani?

Barua za mwezi huu nyingi zimegongana. Kila mtu kauliza kwa namna yake lakini wote wanazunguka hapohapo: nikifungua kesi ya haki zangu dhidi ya serikali naweza kupata stop oda wakati kesi inaendelea, au nikae nitizame tu? Kwaiyo nimeziweka pamoja. Wale wa talaka na mirathi mnisamehe, zenu zinakuja toleo lijalo inshaallah.

SWALI: Asalaam aleikum Bi Wakili. Sisi ni nyumba kama kumi hivi, shehia moja hapa Wete. Sheha katuletea barua tuhame ndani ya siku 14 barabara inapanuliwa, fidia haikutajwa hata kwa bahati mbaya, na alama nyekundu zishapigwa ukutani. Nyuma ya nyumba yetu kazikwa babu na baba pembeni yake, na ipo mikarafuu. Tumekwenda afisini tukaambiwa mahkamani nendeni mkitaka ila serikali haizuiliki, labda mje mdai pesa baadae. Kweli haizuiliki? Mana kesi zenyewe tunazijua, mpaka iishe hapo pashakuwa lami. (Msomaji, Wete)

JIBU: Waaleikum salaam kaka. Huyo aliyekujibu hakudanganya moja kwa moja, kakupa nusu ya maneno, na nusu aliyoibakisha ndo ilokuwa na faida kwako.

Hii kauli ya serikali haizuiliki ina asili yake. Waingereza mwaka 1947 walitunga sheria ya kuishtaki serikali yao, na kifungu cha 21 cha sheria hiyo kikasema mahkama isitoe zuio, yaani hiyo stop oda, dhidi ya serikali, itamke tu haki ni ya nani basi. Nchi zetu zikarithi. Bara ipo mpaka leo kwenye Sheria ya Mashauri ya Serikali, Sura ya 5, kifungu cha 11, na Kenya wanayo Sura ya 40, kifungu cha 16. Fikra yake ilikuwa kwamba serikali ni muungwana, ukishaitamkia kuwa imekosea itajirekebisha bila ya kusukumwa. Haya, lakini tamko lina faida gani tingatinga likishapita? Unashinda kesi baada ya miaka minne, hukumu inasema nyumba ilikuwa yako kweli, na weye ushakuwa mpangaji Machomane.

Sasa ile nusu nyengine. Vifungu hivo vimewekwa kwa kesi za madai ya kawaida, deni, mkataba, gari ya serikali imekugonga. Kesi ya haki za kikatiba ni mlango mwengine. Katiba ya Zanzibar ya 1984 imeziweka haki hizo Sura ya Tatu, mali ipo kifungu cha 17, na marekebisho ya 10 ya mwaka 2010 yakaleta kifungu cha 25A kinachomruhusu mtu kwenda Mahkama Kuu akiona haki yake imevunjwa, inavunjwa au inaelekea kuvunjwa. Hebu itizame hiyo ya mwisho. Mtu ambaye haki yake inaelekea kuvunjwa anakwenda mahkamani kufanya nini kama jaji hana uwezo wa kusema subirini kwanza? Hapo ndo wakili wako anaposimama, anasema Katiba ndo sheria mama, na sheria ya kawaida ya mashauri haiwezi kuifunga mikono mahkama ambayo Katiba imeifungua. Sikwambii kila jaji ataikubali hoja hii siku ya kwanza, wapo watakaokurejesha kwenye ile ya Mwingereza, lakini ni hoja nzito na kwengine imeshinda, nitayataja kwenye swali la pili.

Ukishapita hapo jaji anakupima. Kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya mwaka 1969, Mahkama Kuu ya Tanzania, na ile ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya 1973 iliyotoka Kenya, mawakili wa ukanda wote huu wamezihifadhi kama mtoto wa chuoni alivohifadhi Alhamdu. Je lipo jambo la maana la kuamuliwa? Je usipopewa zuio utapata hasara isofidika? Na mwisho tukiweka mizani nani ataumia zaidi, weye lisipotolewa au yule likitolewa?

La kwanza kwako halina tabu kubwa. Barua ya kuwahamisha watu isotaja fidia wala sheria iliyotumika, hapo lipo la kuulizwa. Jitayarishe tu kuambiwa kuwa ardhi ya Zanzibar ilitaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964, kuwa ulonayo ni haki ya matumizi tu, na kama shamba ni la eka tatu ndo utaambiwa kwa sauti zaidi. Jibu lake ni kuwa haki ya matumizi nayo ni mali, nyumba ulojenga ni mali, na mikarafuu ni mali, huku kwetu tangu zamani mti unaweza ukawa wa mtu na ardhi ya mwengine, kwaiyo hata akishinda kwenye ardhi bado hajashinda kwenye mti.

La pili ndo wengi wanapoanguka. Mnaandika "tutapata hasara kubwa" alafu jaji anasoma, anasema hasara kubwa italipwa pesa, nendeni. Na kisheria yuko sawa! Nyumba ya matofali ina bei, duka lina bei, hata mkarafuu wana bei yake ya kitabuni, ingawa mie hapo ningebishana nao mpaka jioni, mti unaokula miaka sita saba ndo uanze kuzaa na ukitunzwa unamzika aliyeupanda, huyo anayelipa kwa mche anajua analipa nini? Lakini kaburi la babu halina bei. Kisima kinachochotewa na nyumba kumi hakina bei ya kesho asubuhi. Mtoto wa kidato cha nne akihamishwa miezi miwili kabla ya mtihani, mwaka ule hauregeshwi kwa hundi. Yatangulize hayo, ukuta na bati yaje nyuma.

Na la tatu, mizani. Hapa ndo kesi ya serikali inapotofautiana na kesi ya jirani kwa jirani, mana upande wa pili atasimama mtu wa Afisi ya Mwanasheria Mkuu na atasema barabara ni ya watu wote, wagonjwa wanapitishwa hapo, karafuu zinapita hapo, mkandarasi kila siku akikaa bure analipwa, sa nyumba kumi ziwazuie watu wa mkoa mzima? Hoja hiyo ina nguvu, usiidharau. Kosa kubwa ninaloliona ni watu kwenda kuomba barabara isimamishwe. Barabara muachieni. Ombeni kuwa nyumba hizi kumi na haya makaburi yasiguswe mpaka tathmini ya fidia ifanyike na maombi yenu yasikilizwe, na kazi iendelee kwengine kote. Jaji anayeombwa asimamishe mradi mzima anaogopa, na ana haki yake ya kuogopa, lakini akiombwa kipande kidogo kwa muda maalum anapata pa kupitia. Kama yupo anayekwambia omba kikubwa ili wakupunguzie, hiyo ni bei ya kanga Darajani, mahkamani haifanyi kazi hivo.

Kiapo sasa, yaani yale maelezo yako ya maandishi unayoyaapia. Vinavyoletwa kwangu vingi vinaanza "serikali inatudhulumu sisi wanyonge". Futa. Andika barua nimeipokea tarehe fulani, kaileta sheha, hii hapa nimeiambatanisha. Alama imepigwa ukutani tarehe fulani, picha hii. Kutoka alama mpaka kaburi la baba ni hatua kadhaa, zihesabu uziandike, picha hii. Kijiko cha mkandarasi kimelazwa karibu na skuli tangu juzi, picha hii, na kapiga fulani kwa simu yake. Jaji hajafika kwenu na hatofika wiki hii, anachokijua ni ulichokiweka kwenye karatasi. Juu yake wakili anaambatanisha hati ya dharura ili faili lisikae foleni kwa karani, na mkibahatika mnasikilizwa upande mmoja, serikali haijaitwa bado, mnapewa amri ya siku chache mpaka pande zote zije.

Lakini ukisikilizwa peke yako una wajibu wa kusema yote, hata yanayokuuma. Kama mwaka jana mlishaletewa barua nyengine mkaikalia kimya, iseme. Kama mmoja wenu kashapokea fidia, mseme. Mana mkificha, siku ya pili mtu wa Mwanasheria Mkuu anaitoa kwenye mkoba anaipitisha kwa jaji, na amri yenu inafutwa hapohapo bila hata kuangaliwa haki iko wapi.

Mtapingwa pia kuwa mmekosea mlango, kuwa mambo ya ardhi yana Mahkama ya Ardhi yake na haki za kikatiba hazikimbiliwi wakati njia nyengine ipo. Kwaiyo leo hii kabla ya yote andikeni barua ya malamiko kwa afisi iliyowaandikia, mpeleke kwa mkono, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakijibu vizuri mshaokoa pesa, wakinyamaza ukimya wao unaingia kwenye kiapo. Na tafadhali usije kwa wakili siku ya 13. Mtu aliyekaa na barua wiki mbili alafu anadai dharura, swali la kwanza la jaji ni ulikuwa wapi. Kama pesa ya wakili hamna, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar wana afisi Chake, nendeni nyote siku moja msiende mmoja mmoja.

SWALI: Bi Wakili mie nasoma sheria hapa Unguja. Naona Kenya kila siku mahkama inasimamisha jambo la serikali, sheria ya kodi, polisi kwenda Haiti, mpaka naibu rais kuapishwa, huku kwetu kimya. Tatizo majaji au tatizo sheria? (Mwanafunzi, Mjini Magharibi)

JIBU: Vyote, mwanangu, na la tatu ni mawakili.

Sheria kwanza. Katiba ya Kenya ya 2010 ibara ya 23(3) imeandika kabisa kuwa mahkama kwenye kesi za haki inaweza kutoa amri za kuhifadhi hali, imezitaja kwa jina, kwaiyo hapo wakili hana haja ya kubishana kuhusu Mwingereza wa 1947. Alafu mwaka 2014 Mahkama ya Juu yao, kesi ya Munya, ikasema amri hizi ni za sheria ya umma, hazipimwi kama ugomvi wa watu wawili wa kiwanja, ikaweka vipimo vyake: ombi liwe na hoja isiyo ya mzaha, liwe ni ombi ambalo bila amri ushindi utakuwa wa bure, na maslahi ya umma yaangaliwe. Katiba ya Muungano ibara ya 30 imempa mtu ruhusa ya kufungua shauri lakini amri ya muda haikuitaja kwa jina, na imekwenda mbali zaidi, imeiruhusu mahkama hata ikiona sheria ni mbovu iipe serikali muda wa kuirekebisha badala ya kuifuta. Bara wana Sura ya 3, Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi ya 1994, na mabadiliko ya 2020 yakaongeza kuwa mlalamikaji aape jinsi yeye mwenyewe alivoathirika na aoneshe kamaliza njia nyengine. Mlango umebanwa.

Lakini usiseme haijawahi kutokea. Mei 2018 Mahkama Kuu kule Mtwara ilizuia kanuni za maudhui ya mtandaoni, zile zilokuwa zinawataka wenye blogu wajisajili, ada zote ukijumlisha zinafika kama shilingi milioni 2.1, na zuio lilitoka siku moja kabla ya tarehe ya mwisho ya kujisajili. Mwisho wa mwezi huohuo likaondolewa na kanuni zikaendelea. Agosti 2024 Mahkama Kuu Arusha nayo ikasimamisha tangazo la serikali lililofuta vijiji vya Ngorongoro kwenye daftari. Kwaiyo majaji wetu wanaweza, wakiletewa ombi lililokaa vizuri.

Nikupe na za mbali kwa sababu uko shule, uzisome mwenyewe. Uingereza kwenyewe kulikoanzia ile sheria ya 1947 walikuja kukwama na wavuvi. Kampuni za Kihispania zilikuwa na meli zimesajiliwa Uingereza, ikatungwa sheria ya 1988 ya kuwatoa, wakaenda mahkamani wakaomba zuio mana meli ikikaa bandarini inaoza. Majaji wa mahkama yao ya juu kabisa wakasema 1989 serikali haizuiliki. Mahkama ya Ulaya ikajibu Juni 1990 kuwa kama kizuizi pekee cha kumpa mtu haki yake ya Ulaya ni kanuni hiyo ya nyumbani basi kanuni ikae pembeni. Ndo kesi ya Factortame. Kaione, ni ya wavuvi, utaielewa kuliko za makampuni.

Afrika Kusini wao wamekuja na breki. Aprili 2012 Mahkama Kuu ya Gauteng ilizuia tozo za barabara kuu za Johannesburg na Pretoria, Septemba mwaka huohuo Mahkama ya Katiba ikalifuta zuio, ikasema jaji anapotaka kuizuia serikali katikati ya kesi isitumie uwezo iliopewa na sheria afanye hivo pale tu ambapo jambo liko wazi kabisa, mana kuamua pesa za umma ziende wapi ni kazi ya serikali na bunge. Tozo zikaanza 2013, watu wengi wakagoma kulipa, na 2024 serikali wenyewe wakazizima. Mahkama haikuzizima, waligoma watu. Kesi hiyo utaisikia sana mdomoni mwa mawakili wa serikali popote, jiandae nayo.

Ukiniuliza mie ipi nzuri, napenda ile ya Kenya ya Aprili 2019, Huduma Namba, usajili wa kumpa kila mtu namba yake ya utambulisho. Majaji watatu waliombwa wasimamishe usajili wa nchi nzima. Hawakusimamisha. Wakasema sajilini, lakini msimlazimishe mtu, msiweke tarehe ya mwisho, msichukue DNA, msimnyime mtu huduma kwa kuwa hakujisajili, na taarifa msiwape watu wengine. Serikali kazi yake imeendelea na mwananchi hakuumia wakati anasubiri hukumu, iliyokuja Januari 2020. Sio kama ile ya sheria ya fedha ya 2023 ambayo Mahkama Kuu iliisimamisha Juni 30, Mahkama ya Rufaa ikaondoa zuio Julai 28, mwaka wa pili Rufaa hiyohiyo ikaifuta sheria nzima, na Oktoba Mahkama ya Juu ikairejesha, mfanyabiashara wa Mombasa hajui mafuta ayauze kwa kodi ipi. Zuio pana linapendeza siku ya kwanza tu.

Na la mawakili ni hili: huku kwetu tunafungua kesi ya katiba tunaweka ombi la muda mwishoni kabisa mstari mmoja, "na nafuu nyengine yoyote". Jaji akupe nini hapo?

SWALI: Sisi zuio tulipata, tena kwa jasho, kesho yake asubuhi wamekuja wamevunja vilevile, kiongozi wao anasema yeye karatasi hajaiona. Sasa faida yake nini? (Msomaji, Jang'ombe)

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Swali la kwanza, karatasi mlimpelekea nani na saa ngapi? Amri ya mahkama haifiki yenyewe. Siku ile ile inapotoka msisubiri tarishi, ombeni ruhusa muipeleke wenyewe, Mwanasheria Mkuu apate, taasisi iliyoandika barua ipate, na yule bwana wa eneo la kazi apate mkononi mbele ya shahidi, akikataa kusaini andikeni jina lake na saa na mpige picha mmebandika mlangoni. Na amri yenyewe itaje watu, isiseme "serikali" tupu, itaje mkurugenzi na maafisa wake na mawakala wake mana mkandarasi ndo mwenye kijiko.

Kama alijua na akavunja, mnarudi kwa jaji yuleyule na ombi la kudharau mahkama. Usidhani mtu wa serikali hafikiwi. London 1991 mwalimu mmoja wa Zaire aliyeomba ukimbizi, kwenye vitabu wanamwita M tu, alipandishwa ndege wakati jaji anaamini ameahidiwa hatoondoshwa. Jaji akatoa amri usiku kwa simu arejeshwe. Waziri wa mambo ya ndani, Kenneth Baker, akashauriwa kuwa jaji hana uwezo wa kumuamrisha waziri, akaifuta tiketi ya kurudi. Kesi ikapanda mpaka juu, 1993 ikaamuliwa kuwa waziri kwa cheo chake kadharau mahkama, na kuwa ndio, maofisa wa serikali wanaweza kuwekewa zuio. Waingereza haohao.

Sitokudanganya lakini kuwa kila pahala inafanya kazi. Mahkama ya Haki ya Afrika Mashariki ilitoa amri ya muda Septemba 2018 kuwa wakaazi wa vijiji vinne vya Loliondo wasihamishwe, na Juni 2022 kesi ikiwa bado mezani mipaka ya kilomita za mraba 1,500 ikawekwa, serikali ikisema hiyo ni hifadhi na ina haki nayo. Septemba mwaka huo kesi ikatupwa kwa kukosa ushahidi wa kutosha, mpaka Novemba 2023 rufaa ilipoirejesha isikilizwe upya. Nyinyi angalau mna jaji hapahapa, na mna kilichobaki: kama wamevunja nusu, ombeni nusu ilobaki isiguswe na vifusi visichukuliwe mpaka mtathmini aje, mana vifusi ndo ushahidi wenu wa ukubwa wa nyumba.

SWALI: Kaka yangu kakamatwa siku ya nne leo, hatujui yupo kituo gani. Naweza kuomba zuio? (Dada, Mkoani)

JIBU: Mdogo wangu, zuio silo. Yako ni ombi la mtu aletwe mbele ya jaji na aliyemshika aeleze kwa sheria gani, mawakili wanaliita hebiasi kopasi, na linakwenda mbio kuliko kesi ya katiba. Akishaletwa ndo tunazungumza dhamana. Usianze na kesi kubwa ya haki za binadamu wakati mtu yuko ndani, tizama wale watu 18 wa kesi ya uhaini ya Zanzibar, walianza kukamatwa mwishoni mwa 1997 na Mahkama ya Rufaa ikaja kusema Novemba 2000 kuwa uhaini dhidi ya Zanzibar haupo kisheria kwa kuwa Zanzibar peke yake si dola. Hoja nzuri kabisa, na ndani walikaa karibu miaka mitatu. Nenda leo na jina lake kamili, siku na pahala alipokamatiwa na nani kaona.

SWALI: Nimefungiwa biashara, nataka kuruka moja kwa moja mpaka Arusha, nasikia kule hawana masihara. Wanatoa zuio? (Mfanyabiashara, Chake)

JIBU: Mahkama za Arusha zipo mbili, watu wanazichanganya. Ile ya Afrika ya haki za binadamu inatoa amri za muda lakini Tanzania ilijitoa Novemba 2019 kwenye tamko la kuwaruhusu watu binafsi kwenda wenyewe, na tangu Novemba 2020 mlango huo umefungwa kwako. Ya Afrika Mashariki bado unaweza, kifungu cha 39 cha Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kinairuhusu itoe amri za muda, na haikuulizi kama umemaliza mahkama za nyumbani, ila ina sharti linalowaua wengi: miezi miwili tangu jambo litendeke au tangu ulijue, basi, na haiongezwi kwa kuwa ulikuwa unaandika barua za kuomba huruma. Hukuniandikia barua ya kufungiwa ulipata lini. Kama ni mwezi uliopita tafuta wakili wiki hii. Kama ni ile operesheni ya kabla ya Ramadhani, Arusha ushaikosa, njoo tuongee Mahkama Kuu ya hapahapa Chake, na uje na leseni zote za nyuma, hata zilizoliwa na panya.